Mgeni Kutoka Toronto

Nilijua. Naanza na neno hilo kwa sababu kwa zaidi ya mwaka nimekuwa nikisema kinyume chake. Nimesema kwa mdogo wangu mezani kwake, kwa shemeji yangu, kwa akina mama wa kwaya, hata kwa padri (si kwenye kitubio, nilimwambia pale mlangoni baada ya misa, kwa hiyo natumaini haihesabiki), na kila mara nimesema kwa uso wa mtu aliyeonewa: jamani mimi sikujua, nimekaa zangu nyuma, wakaniita, nikaenda. Sehemu ya kwanza ni kweli. Nilikuwa nimekaa zangu nyuma, na waliniita, au niseme nilidhani wameniita. Lakini kuna mahali katikati ya kisa hiki ambapo nilijua, nikakaa kimya, nikapandisha mguu juu ya mguu, na aibu yangu iko hapo, si pale ambapo watu huwa wanacheka.

Mdogo wangu Eliza ni muuguzi, anakaa Markham, nje kidogo ya Toronto, kwenye nyumba yenye gereji kubwa kuliko sebule yangu ya Kingsview, na binti yake anaitwa Tumaini, sisi tunamwita Tuma. Tuma kazaliwa hapa hapa Toronto. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachoongea kwa sauti ya chini tukidhani watoto wamelala, lakini anajibu kwa Kiingereza, isipokuwa shikamoo, na "mama mkubwa," maana hajawahi kuniita vingine tangu aanze kusema (maneno yake humu nimeyageuza Kiswahili mwenyewe, isipokuwa mahali pamoja ambapo nitawaambia). Alikuwa anasomea ufamasia, na alikuwa anafaulu. Siku moja akaacha, akasema anataka kufanya sanaa, na shemeji yangu, mtu wa kompyuta, mpole, asiyepandisha sauti hata timu yake ikifungwa, akakaa siku kadhaa bila kumsemesha mtu.

Sanaa ya Tuma si ya kuchora. Alikuwa amekusanya vile vibao vya chuma vyenye vitufe vinavyokaa kwenye milango ya maghorofa, unabonyeza namba ya nyumba na mwenyeji anakujibu toka juu, akaviunganisha vikawa ukuta mzima, na kila ukibonyeza kitufe unasikia sauti ya mtu wa maghorofa yetu ya barabara ya Dixon, pale Kingsview: mama anaita watoto waje kula, mzee anauliza nani, nani, bila kungoja jibu, binti anamnong'oneza mtu kwamba baba yupo asipande. Niliposikia mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama kwenye baridi kidogo. Sikumwambia Tuma hivyo. Nilimwambia ni kazi nzuri ila apunguze nyaya.

Kwa ukuta huo akaitwa Berlin, yeye na wenzake wachache kutoka nchi mbalimbali, waende kuonyesha kazi zao mbele ya waamuzi kwenye kituo kimoja cha sanaa cha zamani, na atakayechaguliwa angepewa chumba cha kazi na cha kulala mle mle kwa mwaka mzima. Shemeji akafunga mkataba na binti yake: "Ukichaguliwa, mimi sitasema neno tena. Usipochaguliwa, unarudi kwenye dawa." Tuma akakubali, wakapeana mikono sebuleni kama watu wanaouziana gari. Sote tulijua mkataba huo. Mimi niliujua zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwepo, nimekaa katikati yao na sahani ya viazi.

Eliza hakupata likizo, shemeji alisema huko hana cha kusema, na mimi nikajitolea kwenda. Niliona haiwezekani mtoto asimame mbele ya watu ugenini bila mtu hata mmoja wa nyumbani. Tuma aliniambia kwenye simu kwamba si lazima, nisijisumbue. Mtu wa kwetu akikwambia usijisumbue, unajisumbua kidogo zaidi. Nikakata tiketi, nikanunua vitenge viwili vizuri vya kuwapa wenyeji, nikamwambia Wambui, rafiki yangu Mkenya tunayeimba naye kwaya, kwamba naenda Ulaya kwa shughuli za sanaa. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu Chuo Kikuu, wewe ulikuwa wapi. (Nilisoma fasihi Dar es Salaam, na kwa miaka yangu yote hapa nimekuwa karani kwenye ofisi ya meno, naandika makala zangu jioni, zinasomwa na watu ambao nawajua kwa majina.)

Kituo chenyewe ni jengo refu la matofali mekundu. Zamani lilikuwa zizi la farasi waliokuwa wakivuta tramu za mji, na kwa kuwa ardhi ilikuwa haba walijenga zizi la ghorofa, na kwa kuwa farasi hapandi ngazi walitengeneza njia ya mteremko inayozunguka ndani toka chini hadi juu, pana, ya mawe, ambayo kwato zimeila katikati. Baadaye likawa ghala, vita vikabomoa upande mmoja, likakaa na popo, wasanii wakaingia bila kumwomba mtu, wakafukuzwa, wakarudi, mwishowe serikali ya mji ikachoka ikawaachia. Matundu ya risasi yako ukutani mpaka leo na hakuna aliyeyaziba. Tuma alinitembeza mchana ule akinieleza yote haya, anatembea kinyumenyume mbele yangu, mikono inaruka, na nikaona kwamba mtoto huyu ameshahamia pale moyoni, ilibaki tu kupewa ufunguo. Mimi nilikuwa napanda ile njia ya farasi nikihema na kumwambia kwamba farasi hawa walijengewa njia yao, na sisi Kingsview lifti ikifa tunabeba mchele kwa miguu.

Hapo ndipo nilipomuuliza: "Umewaambia wenyeji kwamba nimekuja?"

"Wenyeji gani?"

"Mkurugenzi. Mwambie kuna mgeni ametoka Toronto."

"Mama mkubwa, hapa hawafanyi hivyo."

"Wewe mwambie tu."

"Sawa," akasema, kwa ile sauti ya watoto wetu ambayo maana yake ni tuongee mengine.

Lakini mimi nilisikia sawa, nikaona limekwisha. Na hapa inabidi mnielewe, au angalau nyinyi mliowahi kukaa kwenye ukumbi wowote uliokodiwa na watu wetu, iwe harusi, iwe kipaimara, iwe mchango wa kusafirisha maiti: mgeni akitoka mbali, kikaratasi kinapelekwa kwa mshereheshaji, anaitwa, anasimama, anapigiwa makofi, anatoa salamu, anakaa. Asipotambulishwa, aliyeaibika ni mwenyeji. Mimi nimewahi kumwona mtu aliyetoka Ottawa asitambulishwe kwenye kipaimara, na mpaka leo hawasalimiani na wale wenye shughuli. Kwa hiyo nilipokaa jioni ile kwenye safu ya nyuma, nimevaa gauni langu la kitenge cha rangi ya chungwa na kilemba (wengine wote walivaa nyeusi, mtu angedhani kuna aliyefiwa), sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nasubiri zamu yangu.

Mkurugenzi alikuwa mama mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mwanajeshi. Alisimama akasema kwa Kijerumani, maneno mengi, mimi sikuambulia hata moja, watu wakacheka kidogo, wakageuka kuangalia mlango. Kisha akainua macho akasema kwa Kiingereza, taratibu, neno kwa neno: "Je, mgeni wetu kutoka Toronto ameshafika? Tunaye humu ndani?"

Nikasimama.

Niliweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa kushoto na kulia kama inavyotakiwa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkurugenzi akashuka mwenyewe kuja kunipokea, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema wamenisubiri sana. Nikasema poleni. Akanivisha kitambulisho shingoni, nikapewa chupa ya maji, akaniuliza kama ningependa kusema machache.

Machache. Nilianza kwa kuwaletea salamu za Toronto, za kanisa letu, za kwaya (nikaitaja kwa jina na sauti zake zote nne), nikawashukuru kwa kulitunza jengo la mababu zao, nikawapa pole ya vita, nikasema sisi watu wa mbali tunajua mtoto hakuzwi na nyumba moja, na kwamba mtoto wetu yumo humu humu mikononi mwao, na ningependa wamwone. "Tuma, mwanangu, simama wakuone." Tuma alikuwa amesimama tayari, kando ya ukuta, pamoja na wenzake walioitwa. Akainua mkono mpaka usawa wa bega, kama mtu anayezuia gari lisimgonge. Ndipo nikakumbuka vitenge. Nikavitoa kwenye mkoba, kimoja nikamvisha mkurugenzi mabegani, kingine nikamvisha mzee wa miwani aliyekuwa amekaa mbele na alionekana mtu mzima wa shughuli, nikapiga vigelegele. Peke yangu. Kwenye ukumbi wa matofali na njia ya farasi, vigelegele vya mtu mmoja vinashuka mpaka chini, vinazunguka, vinapanda tena.

Kwanza walitazamana, halafu wakashangilia kweli kweli, na baadaye nilielewa kwa nini: kwenye nyumba ya sanaa mtu hawezi kujua ipi ni kazi na upi ni wazimu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Wengi walikuwa wameshainua simu zao wanarekodi.

Mpaka hapo naapa sikujua. Mpaka hapo mnaweza kunicheka na mimi nitacheka pamoja nanyi.

Mkurugenzi akaniketisha mezani mbele, kati yake na yule mzee wa miwani. Nikapewa kalamu na kadi yenye majina ya vijana, na mbele ya kila jina kisanduku cha kuandika alama. Mzee akanisogelea, kitenge kiko mabegani, akaninong'oneza kwamba kazi zangu za shaba alizipenda sana, hasa zile za mikono. Mimi sijawahi kufinyanga kitu chochote isipokuwa maandazi, nayo hayaumuki. Nikakigeuza kile kitambulisho nikasoma. Lilikuwa jina la mwanamke mwingine, na chini yake neno moja: Mwamuzi.

Hapo nilijua. Nilielewa yote kwa mara moja, kwamba kuna mwanamke wa Toronto kama mimi, mweusi kama mimi, mchongaji, ambaye hawa watu wanamjua kwa barua pepe tu, ambaye amechelewa, na mimi nimekalia kiti chake. Nilichotakiwa kufanya ni kumgusa mkurugenzi bega na kusema samahani mama, nimekosea, mimi ni mgeni wa aina nyingine. Tungecheka. Ningerudi nyuma. Vitenge vingekuwa kichekesho cha jioni.

Sikusema. Baadaye nilijitengenezea sababu, kwamba nilitaka kumsaidia mtoto, na kwa miezi nimejaribu kuiamini, lakini ukweli ni mdogo kuliko huo na haupendezi. Ni kwamba kiti kilikuwa kizuri. Miaka yote niliyokaa Toronto sijawahi kuitwa mbele ya ukumbi, nikapewa maji na kalamu, na watu wakainamisha vichwa kusikiliza nitasema nini. Nikasema moyoni, dakika chache tu. Nikapandisha mguu juu ya mguu.

Kijana wa kwanza alikuwa ametundika kiti cha mbao kwa kamba, kinazunguka. Alipomaliza kueleza, mkurugenzi akanigeukia: "Wewe kama mchongaji, unaonaje?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikunja uso nikasema naona kazi inaogopa. Naona kiti kinataka kuanguka lakini kamba haikiamini. Sijui nilimaanisha nini. Mzee wa miwani akaandika. Kijana yule, mwembamba, shati limempwaya, akaangalia chini, na nikaona midomo yake ikirudia lile neno, kuogopa, kama anayelihifadhi. Sijui jina lake na sijawahi kumwomba msamaha. Aliyefuata nilimsifu, ili kuweka mizani. Nilikuwa nimeanza kuzoea.

Kisha ikawa zamu ya Tuma.

Alikuja mbele, akageukia meza ya waamuzi ili asalimie, akaniona. Mpaka wakati huo alidhani wameniketisha mbele kwa heshima tu, mgeni mzee aliyeongea sana. Sasa aliona kalamu na kadi. Mimi nikaangalia pembeni. Halafu akaanza, sauti ndogo, akaeleza kuhusu Dixon, kuhusu milango, kuhusu bibi ambaye hashuki chini kwa sababu ya baridi na dunia yake yote inampitia kwenye kile kitufe. Sauti yake ikaanza kurudi. Akawaomba waamuzi waje wabonyeze wenyewe. Tukainuka. Mkurugenzi akabonyeza, yule mama akaita watoto waje kula, na nikamwona mkurugenzi akitabasamu, tabasamu la mtu aliyesahau kwamba anaangaliwa, na moyo wangu ukasema huyu mtoto amepata. Bila msaada wa mtu. Amepata.

Tuma akanisogelea kana kwamba ananionyesha kitufe, na hapa ndipo mahali nilipowaahidi, kwa sababu alisema kwa Kiswahili, Kiswahili safi ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake: "Mama mkubwa, toka hapo. Nakuomba, toka."

Na mimi nikamjibu kwa kunong'ona: "Nyamaza, nakusaidia."

Mzee wa miwani alikuwa nyuma yetu. Hakuelewa maneno, lakini hakuna anayehitaji tafsiri akiwaona watu wawili wananong'onezana hivyo.

Wakati huo huo tukasikia magurudumu ya sanduku yanapanda njia ya farasi. Mawe yale yana kelele, sanduku lilipanda polepole, krrr, linatulia, krrr, likapita mlangoni, na nyuma yake akaingia mwanamke wa umri wangu, koti limelowa, akasema kwa lafudhi ambayo naisikia kila siku kwenye basi: "Samahanini sana. Mimi ndiye wa Toronto."

Ukumbi wote ulimwangalia yeye, ukaniangalia mimi. Mkurugenzi, kitenge changu mabegani, akaangalia kitambulisho kifuani mwangu kama anakisoma kwa mara ya kwanza. Nami nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka, sijui yalitoka wapi, yalikuwa haya: "Toronto ni kubwa."

Hakuna aliyecheka.

Tuliitwa chumba cha pembeni, mimi, Tuma, mkurugenzi na yule mzee. Vitenge vilikuwa vimeshavuliwa, vimekunjwa vizuri, vimewekwa kwenye mfuko wa karatasi ambao nilirudishiwa. Mkurugenzi aliuliza bila ukali. Mimi ni nani? Mama yake mkubwa, nikasema, dada wa mama yake. Akaeleza kwamba ndugu wa mshindani haruhusiwi hata kuongea na waamuzi kabla ya uamuzi, sembuse kuwapa zawadi, sembuse kukaa nao mezani. Akamuuliza Tuma kama alijua. Tuma akasema hapana, mama yake mkubwa ameelewa vibaya, kwao wageni husimama. Akajaribu kueleza kipaimara, kikaratasi, mshereheshaji, mtoto wa watu anaeleza mila ambazo mwenyewe anazionea haya, na mkurugenzi akanigeukia mimi.

"Ulijua kwamba umekaa kwenye kiti cha mwamuzi?"

Tuma aliniangalia. Sasa naelewa kwamba alikuwa ananisubiri.

"Sikujua kabisa," nikasema.

Mkurugenzi akasema taratibu kwamba alinihoji kama mchongaji na nikamjibu kama mchongaji. Akafunga daftari lake. Kwa jibu langu nilikuwa nimemfanya Tuma mwongo, maana alikuwa ameapa kwamba mimi ni mtu niliyeelewa vibaya tu, na hakuna mtu aliyeelewa vibaya anayesema kazi inaogopa. Wakaamini tulipanga. Wakamwondoa kwenye shindano, na barua aliyopewa ilisema ni kwa sababu ya mwenendo.

Tulirudi kwenye ndege moja, viti mbalimbali. Aliomba abadilishiwe.

Sasa Toronto. Video ilikuwa imeshafika kabla yangu. Wambui alinipokea mlangoni mwa kanisa akaniinamia: "Karibu mheshimiwa. Sasa hata sisi watu wa chini utatuona kweli?" Nikamwambia aache ujinga. Akasema, "Zii, aki mimi nimejivunia. Umewavalisha Wajerumani kitenge, wakatulia." Kwenye kundi la simu la kwaya waliiweka wakaandika mgeni rasmi, Berlin. Na mimi, ambaye ningeweza kufuta kila kitu kwa sentensi moja, niliweka ile alama ya kushukuru, ya mikono iliyoshikana. Akina mama waliniomba niongee kwenye siku ya utamaduni, nikaongea. Kuhusu Tuma nilisema huko Ulaya wana masharti yao, mtoto alionewa, na mimi mwenyewe sikujua lolote. Watu walimpa Eliza pole. Wengine walikuwa hawajui kwamba ni Tuma yule yule wa "simama wakuone."

Tuma akarudi kwenye dawa. Aliutimiza mkataba bila neno. Nikienda Markham alikuwa ananisalimia, "Shikamoo mama mkubwa," anapanda juu kusoma. Vibao vyake viliwekwa gereji, chini ya turubai, pembeni ya matairi ya msimu wa baridi.

Mwaka ukapita, na Eliza akaniita chakula cha mchana. Alipika pilau, na Eliza hapiki pilau bila jambo. Shemeji alikuwa kazini, Tuma chuoni. Aliniambia kwamba Tuma alitaka kuomba tena kule kule, kwa siri, baba yake asijue, akaandika kuuliza. Wakamjibu kwa adabu kwamba kazi yake wanaikumbuka vizuri, lakini lile jambo halijafafanuliwa, na hawawezi kumpokea mtu wasiyeamini neno lake.

"Wanasema mwanangu alipanga wizi," Eliza akasema. "Na wewe. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, dada, na sitauliza tena. Ulijua au hukujua?"

"Sikujua, Eliza."

Akaniangalia. Akaniongezea pilau. Nikala.

Nilirudi nyumbani kwa barabara kuu, foleni imesimama, na mle ndani ya gari nilikuwa naongea peke yangu, nampangia Eliza hoja, nampangia mkurugenzi hoja, na kila hoja ilikuwa nzuri na kila moja ilimwacha Tuma pale pale alipo. Nikaona nilichokuwa nakilinda. Jina langu kwenye kwaya. Alama ya mikono iliyoshikana.

Kesho yake asubuhi nilishuka chumba cha kufulia nguo cha jengo letu, kwa sababu mashine zina kelele na hakuna anayesikiliza, nikapiga Berlin. Niliunganishwa mara mbili, nikasubiri, nikataka kukata. Mkurugenzi alipopokea nikamtajia mimi ni nani, naye akasema ananikumbuka. Nikamwambia. Kwamba niliposimama sikujua, na niliposoma kitambulisho nilijua, na nilibaki kwa sababu nilipenda kukaa pale. Kwamba binti alichoninong'oneza kilikuwa toka hapo. Kwamba alisema kweli neno kwa neno, na mwongo alikuwa mmoja. Aliniuliza kwa nini nasema sasa. Nikasema kwa sababu kazi yake ni nzuri. Akasema hilo halikuwahi kubishaniwa. Akasema ataliweka kwenye maandishi, na atamjulisha binti mwenyewe. Kisha akaniuliza kama kweli mimi si mchongaji, maana waliibishania sana ile kauli kuhusu kiti. Nikamwambia mimi ni karani wa ofisi ya meno.

Nilimwambia Eliza kabla hajaambiwa na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na pilau yangu ukaila," akakata simu. Kwenye kundi la kwaya niliandika pia, sentensi tatu, na Wambui peke yake ndiye aliyejibu, akaandika sawa.

Tuma alichukua zaidi ya wiki kunipigia. Simu yake ilipoingia nilikuwa kazini, mgonjwa amesimama mbele yangu na shavu limevimba, nikamwomba anisubiri, nikaingia stoo ya miswaki.

"Wameniandikia," akasema. "Wamesema naweza kuomba tena, na hawataiangalia barua ile."

"Utaomba?"

"Nimeshaomba. Baba nimemwambia. Hajasema kitu."

Nikataka kusema mengi, nikasema machache, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasema nisamehe, mwanangu.

"Nilijua ulijua," akasema. "Nilikuona ukikigeuza kile kitambulisho, na nilipoona kalamu nikaelewa. Sikutaka kusema mbele yao."

Upande wa pili wa mlango mgonjwa alikuwa anagonga kaunta. Tuma akasema ana kipindi, anatakiwa kwenda. Halafu, kabla hajakata, kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo kwa muda mrefu na kuchagua maneno yasiyoumiza:

"Mama mkubwa, wakiniita tena, naomba usije."

Nikamwambia siji.